Upande wa Ndani wa Madigadi

Nauza rangi Mlandege, hapa Iringa mjini, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na katika wateja wangu wote ni mmoja tu aliyekuwa akininusia bidhaa. Wengine wanatikisa kopo, wanasoma tarehe, wanaomba nipunguze. Yeye alikuwa anafungua kifuniko kwa bisibisi, anainama, anavuta pumzi ndefu kama mtu anayejaribu mchuzi wa mkwe, halafu ananiambia, "Hii imekaa juani, Mama Rangi. Nipe nyingine." Mwanzoni nilimchukia, niseme ukweli. Nilimwona mzee wa maringo, na mimi mdomo wangu unajulikana Mlandege nzima, nikamwambia akanuse maua. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la chokaa. Lakini kopo lile kweli lilikuwa limekaa juani.

Tulimwita Fundi, basi. Pale Ipogolo, kando ya barabara kuu, mafundi wamejaa kama kunguni, lakini ukiuliza Fundi yuko wapi bila kutaja fundi wa nini, watu walikuelekeza kwake. Kazi yake ilikuwa kufufua malori ya zamani. Injini aliwaachia wenye injini. Yake yeye ilikuwa bodi, na katika bodi hasa madigadi, zile bati zilizopinda juu ya matairi kuzuia matope. Wengi wetu tunaijua madigadi kwa upande wa nje, unaopigwa rangi na kuandikwa maneno ya kumshukuru Mungu au kuwasuta majirani. Fundi aliishi upande wa ndani, kule tairi linakorushia mawe na maji. Alikwangua bati kwa brashi ya waya mpaka ling'ae, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akaacha, kisha akapaka lami nyeusi nzito, mara tatu, kwa brashi aliyoikata manyoya mwenyewe. Siku hizi wanapuliza kwa mashine, nusu saa wamemaliza. Yeye alichukua wiki nzima, na wiki nyingine mbili kama ni wakati wa mvua.

Kilichomchelewesha ni unyevu. Lami ukiipaka juu ya bati lenye unyevu, unauzibia humo humo. Kwa nje inapendeza, nyeusi tii, na huku ndani bati linaliwa polepole, wala hujui mpaka siku unapobonyeza na kidole kinazama. Alinieleza hayo mara mia, kana kwamba mimi nilikuwa na lori. Alikuwa na namna yake ya kupima. Anaweka mgongo wa mkono kwenye bati, anafumba macho, anahesabu mpaka ishirini kwa Kinyakyusa, midomo ikicheza bila sauti. Akiridhika anasema neno moja, kavu. Asiporidhika hasemi kitu, anavuta kigoda na kukaa, na mwenye lori naye atafute pa kukaa.

Maneno yake kwa wenye haraka yalikuwa hayo hayo miaka yote: "Nani anakukimbiza?" Alikuwa anauliza kwa upole kabisa, kama anataka kweli kujua. Kuna dereva mmoja wa Tunduma aliyekuja kuomba madigadi zake zimalizike siku hiyo hiyo, akakuta mawingu. Siku ya kwanza alitukana, siku ya pili alinuna, siku ya tatu nilimkuta amekaa na Fundi wanabangua karanga, ameshaanza kumweleza habari za mke wake aliyerudi kwao. Siku ya tano jua likatoka. Fundi alipaka lami yake, na yule dereva akaondoka bila lawama, na nasikia mkewe naye alimfuata akamrudisha. Hilo la mke silitii chumvi, alikuja mwenyewe kunisimulia dukani.

Basi mtu wa namna hiyo ungetegemea nyumba yake iwe imenyooka. Wapi. Bati la paa lake lilikuwa limetoboka kwa kutu, mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Baiskeli yake ilikuwa ya kutu tupu, ilikuwa inalia toka Ipogolo mpaka unaisikia inapanda mlima. Nilimpa kopo la lami bure nikamwambia akapake hata hiyo baiskeli, akalitumia kwenye lori la mtu. Na kwa mdomo hakuwa mwema hata kidogo. Vijana waliokuja kujifunza hawakumaliza mwezi. Mimi mwenyewe alishawahi kuniambia mbele ya wateja kwamba kibao cha duka langu kimepakwa na mtu aliyekuwa anaota. Lakini mwezi wa Ramadhani, yeye Mlutheri wa kuimba besi, hakunywa hata maji mbele yangu. Alikuwa anaificha chupa yake nyuma ya baiskeli kabla hajaingia dukani, akitoka anainywa kule ng'ambo ya barabara, amenigeuzia mgongo. Alidhani simwoni.

Na alikuwa na sukari. Hospitali walimwambia miaka mingi kabla sijajua. Alinieleza kama mtu anayeeleza habari za jirani, huku anakunywa ulanzi mtamu, ule wa siku ya kwanza, wa asubuhi, ambao ni sukari yenyewe. Nikamgombeza. Akasema ulanzi unatoka kwenye mianzi, mianzi ni majani, na majani yamemkosea nini mtu. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, akakifunga kitambaa na kukitumbukiza kwenye gambuti, akashinda nacho kutwa katika jasho na maji ya kuoshea mabati. Mtu aliyeweza kukaa wiki nzima akisubiri bati likauke, mguu wake mwenyewe aliuziba ukiwa mbichi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Akaangalia gambuti lake kidogo, akasema, "Mguu si lori, Mama Rangi."

Siku niliyojua kwamba mikono nayo imeanza, nilikuwa nimemmiminia chai kwenye kikombe cha bati. Chai ya kutoka motoni. Alikishika kikombe kwa viganja viwili, akakikumbatia, akaendelea kuniambia habari za kwaya. Nilikuwa nasubiri akiweke chini. Hakukiweka. Nikaona ngozi ya vidole inageuka rangi na yeye anaongea tu, na mvuke unampanda usoni. Nikamnyang'anya. Akashangaa, akaangalia viganja vyake, kimoja halafu kingine, kisha akacheka na kusema mikono ya fundi haijui moto. Baada ya hapo nilianza kuona mengine. Vifungo vya shati alikuwa amefunga viwili tu. Bisibisi ilimponyoka mara tatu kwenye kifuniko kimoja, na rangi ya bluu aliisogeza mlangoni kwenye mwanga kabla ya kusema ni bluu. Pua ndiyo ilibaki salama. Aliendelea kuninusia makopo na kunirudishia mabaya, na mimi nikawa nafurahi kila anaponirudishia.

Lori lake la mwisho lilitoka Uyole, kule Mbeya. Mwenye lori alikuwa mama mjane, mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache. Lilikuwa lori la pua ndefu, la marehemu mumewe, limekaa chini ya miti ya mikaratusi miaka kumi na moja, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mumewe alilibebea viazi, akawasomesha watoto kwa lori hilo, na yule mama alitaka liingie tena shambani kabla naye hajazeeka. Mafundi wamejaa Mbeya, lakini akalivuta mpaka Iringa kwa sababu marehemu alikuwa akimwambia kwamba madigadi zile zilipakwa na kijana mmoja wa gereji za Mwanjelwa, huko huko Mbeya, ambaye siku hizi yuko Ipogolo. Kijana huyo alikuwa Fundi.

Nilikuwepo alipoinama chini ya lori hilo mara ya kwanza. Nilikuwa nimemshushia msasa kwa bajaji, kwa sababu wakati huo kupanda mjini kulikuwa kunamshinda. Madigadi ya kushoto ilikuwa imegonga ng'ombe zamani, lami ikapasuka, bati limeliwa kama biskuti. Ya kulia alikwangua kidogo tu kwa ncha ya bisibisi, akasimama. Akanusa. Akaniita nione. Lami ilikuwa ile ile aliyoipaka akiwa kijana, na chini yake rangi nyekundu, na chini ya rangi bati linang'aa kama la jana. Hajawahi kujisifu mbele yangu hata siku moja. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda akaiangalia ile madigadi muda mrefu, akasema, "Hii siigusi. Nitaitengeneza ya kushoto ifanane nayo." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu nilijua mikono iliyopaka ile ya kulia hakuwa nayo tena.

Akabadilika. Akaanza kazi alfajiri kabla ya majirani kuamka. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za mwisho mwisho, zile zinazokuja kila mchana kama zimeajiriwa, na ukungu asubuhi umelala juu ya mto mpaka saa nne. Fundi ninayemjua angefunika lori kwa turubai na kubangua karanga mpaka mwezi wa tano. Yule mama wa Uyole hakumharakisha hata kwa simu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia atulie, viazi vipo. Lakini yeye alikuwa anakata bati, anachomelea, anakwangua, anapaka nyekundu, mbio mbio. Nilitamani kumuuliza, Fundi, nani anakukimbiza? Sikumuuliza, maana nilikuwa namjua anayemkimbiza. Macho yalikuwa yanamzimikia kidogo kidogo, na alitaka lami ya mwisho aipake akiwa bado anaiona.

Siku ya lami nilimpelekea kopo mwenyewe. Mvua ya jana yake ilikuwa imeingia chini ya turubai. Alikuwa ameifuta madigadi kwa tambara, akawasha jiko la mkaa chini yake, akaridhika. Akaweka mgongo wa mkono, akafumba macho, midomo ikaanza kucheza. Wakati anahesabu, mimi nikashika ukingo wa chini, pale bati linapokunjwa kuelekea ndani. Sikuwa na nia ya kupima chochote, nilitafuta pa kujishikia tu, maana chini palikuwa na tope. Kidole changu kikalowa. Nikabonyeza ule mkunjo na tone la maji likatoka, likatembea kwenye kiganja changu mpaka kwenye saa. Akafika ishirini. Akasema kavu.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote. Alinigeukia, hakuniangalia usoni, aliangalia sehemu ya shingo hivi, akaniuliza, "Au wewe unaonaje?"

Mimi, mwenye mdomo. Mimi niliyemwambia mkuu wa soko kwamba suruali yake imempita umri. Maji yalikuwa mkononi mwangu. Ilinitosha kusema neno moja, hapana, au hata kuunyanyua tu ule mkono, akaunusa akajua. Lakini niliona nikisema hapana nimemwambia na mengine yote: kwamba mikono imekufa, kwamba lori hili hataliweza, kwamba aende nyumbani akahamishe kitanda. Nikajifuta kwenye khanga. Nikasema, "Fundi ni wewe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa. Akachovya brashi. Alipaka vizuri, jamani, lazima niliseme hilo, mkono ulitembea wenyewe kwa mazoea, mara tatu, bila kuacha hata tundu la sindano. Mama wa Uyole alipokuja kulichukua lori alilia kidogo, akamshika Fundi mkono kwa mikono miwili, na Fundi akamwambia ndaga, ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, utadhani ndiye aliyetendewa. Lori likapanda kuelekea Mbeya na madigadi zake mbili nyeusi, na kwa macho hukujua ipi ya ujana na ipi ya uzee. Nililiangalia mpaka likapotea. Nilijiambia labda jua la Uyole litalivuta lile tone, labda joto la tairi. Nilijiambia mengi, na nilikuwa nauza rangi huku najua kabisa kwamba hakuna jua linalopita kwenye lami.

Baada ya hapo Fundi hakushika kazi nyingine. Mguu walimkata chini ya goti mwaka huo huo, na macho yakafuata. Binti yake alimhamishia Kihesa, hapa hapa mjini, kwenye nyumba yenye paa zima, akamwekea kiti barazani. Nilikuwa nakwenda Ijumaa nikitoka msikitini, namchukulia karanga. Nikimwamkia ananiitikia marahaba, kisha ananiuliza nimeleta lami ya nani siku hizi na inanukaje. Nilikuwa naisifia au naiponda kutegemea anavyoonekana. Habari za lori la Uyole hakuuliza, nami sikumwambia, na kila Ijumaa nilitoka pale nikiwa nimelibeba neno langu lile lile nililoingia nalo. Nilishapiga simu Uyole mara mbili ili nimwambie yule mama, na mara zote mbili nilimuuliza bei ya viazi.

Zikapita mvua za misimu mitatu. Ijumaa moja ya mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, nafika Kihesa nakuta lori la pua ndefu limesimama mbele ya nyumba. Yule mama alikuwa anapeleka viazi Dodoma, akaona haitawezekana apite Iringa bila kumwonyesha mzee kazi yake. Alikuwa amelioshea kabisa njiani. Fundi alikuwa ameshanyanyuliwa na binti yake na dereva, amesimama kwa mguu mmoja na gongo, anapapasa pua ya lori kama unavyompapasa ng'ombe wako. Uso wake sijawahi kuuona vile. Nilimwamkia, akaijua sauti, akasema afadhali umekuja.

Akatembezwa mpaka madigadi ya kushoto. Aliweka mgongo wa mkono juu yake, akafumba macho yale yasiyoona, lakini hakuhesabu. Akauondoa mkono. Akaniambia niingie chini, nibonyeze mkunjo wa ukingo, upande wa nyuma, pale maji yanapopenda kukaa.

Nilipiga magoti kwenye vumbi na hijabu yangu ya Ijumaa. Lami ilikuwa safi, nyeusi tii, haina hata ufa. Nikaweka kidole pale pale nilipokiweka siku ile, nikabonyeza kidogo tu, kama unavyobonyeza parachichi. Kikazama. Kikaingia mpaka kifundo cha pili, na chenga zikamwagika kwenye kiganja, nyekundu na zenye unyevu. Mama wa Uyole alikuwa upande wa pili anaongea na binti. Hakuona. Nilibaki humo chini, kidole kimo ndani ya bati, sijui nikitoe au nikiache.

"Unaonaje?" akauliza Fundi.

"Kavu," nikasema.

Nikatoka. Nilijipangusa kwenye hijabu, kisha nikamshika mkono ili nimrudishe barazani kwenye kiti chake. Hakuenda. Aliugeuza mkono wangu, akauinua mpaka puani, akavuta pumzi ile ndefu, kama alivyokuwa akinifanyia dukani. Akaushikilia hapo. Nilimwona anajua. Kisha akavuta pindo la shati lake akanifuta kile kidole, polepole, kuanzia kifundo kwenda kwenye kucha, bila kuacha mahali, ingawa hakukiona wala hakukisikia.

Akamwita yule mama. Akamwambia madigadi ya kushoto ibanduliwe lami yote, itafutiwe bati jipya, na apewe fundi mwenye subira, kazi ifanyike mwezi wa kumi kabla ya mvua. Ya kulia wasiiguse. Yule mama akaanza kusema mbona iko vizuri tu, mzee. Akamjibu kwamba haiko vizuri, na kosa ni lake yeye aliyeipaka, na akamwomba radhi, yeye mzee wa mguu mmoja akiinamisha kichwa mbele ya watu. Binti yake alitazama chini. Mimi nilisubiri anitaje. Hakunitaja.

Lori lilipoondoka tulikaa barazani na karanga zetu hazijabanguliwa. Jua lilikuwa limemfikia magotini. Nilidhani amesinzia.

"Nilikuuliza, mwanangu," akasema.

Ni kweli. Aliniuliza.